Tanga Halikatwi, Hufumuliwa

Baba, shikamoo.

Nilipokwisha kuandika hivyo nimekaa kidogo, kama mjinga, nnangoja marahaba yako. Haya. Ni mimi Mize, nipo barazani pale pale ulipokuwa ukikaa, na tanga la Nahodha Vuai limenifunika mapaja mpaka mlangoni. Ungeliniona ungelisema, "Kaa vizuri, mwanangu, tanga halishonwi na mtu aliyejikunja kama kaa." Nshakaa vizuri. Sasa nisikilize.

Habari za hapa kisiwani Mwambani ni mbaya. Hata homa ilipokushika ulikuwa ukiulizia bandari kabla hujaulizia dawa, basi nakwambia bandari. Pale yalipokuwa yakilala majahazi ya Lamu, ya Pemba na ya Arabuni, yamebanana hata mabaharia wakipeana kahawa mkono kwa mkono, sasa kuna chombo kimoja tu, cha Vuai. Wageni waliacha kuja tangu Mapinduzi, hilo uliliona mwenyewe. Lakini sasa na wetu wanaondoka, mlango mmoja mmoja. Kisima chetu ni chumvi vile vile, na tunaishi kwa maji ya mapipa anayotuletea Vuai kutoka Mkokotoni. Hicho chombo kikisimama, kisiwa kimekwisha.

Nataka nikuhadithie siku uliyokufa, maana ulikuwepo lakini hukuona kitu.

Unajua desturi ya hapa, kila baharia ana sanda yake kashani, kwa sababu baharini hakuna duka. Yako nliijua tangu mdogo. Nguo ya marekani, nyeupe pe, imekunjwa na karafuu ndani, na ole wangu niiguse. Kisha ukaja mwaka ule wa hofu. Jahazi la mwisho la wageni likamshusha maiti mchangani, baharia wao, Mwarabu wa Suri, aliyekufa kwa homa, likang'oa nanga likakimbia. Watu wote hapa walijifungia ndani. Nani alitaka kuonekana anamwosha Mwarabu siku zile? Wewe ukafungua kasha. Nikakulilia, "Baba, sanda yako hiyo!" Ukanambia, "Huyu keshafika, Mize. Mimi bado nipo njiani." Ukamwosha, ukamvisha, ukamzika, na mimi ndiye niliyekushikia ndoo.

Basi tangu siku ile, kila ulipopata kitambaa kilikwenda kwenye tanga. Nikikukumbusha kasha, jibu lako lile lile: "Sanda itangoja. Maji hayangoji." Mzee mkaidi wee! Kwenye kufa ukafa alfajiri, na kwenye kasha mna karafuu tupu.

Nilizunguka kisiwa kizima. Shuka uliyougulia ilikuwa imechanika katikati. Mjini hata tungelikwenda, maduka siku zile yalikuwa matupu, na mpaka turudi ungelikuwa ushaharibika kwa joto. Jirani yetu Bi Tatu, Mungu ambariki, akaniletea kanga yake mpya, ile yenye maandishi "Hasidi hana sababu". Nikamwambia, "Bi Tatu, mzee huyu aende mbele ya malaika Munkari na Nakiri akiwasema majirani?" Tukacheka sote wawili, huku tunalia. Kanga ikarudi kwao.

Ndipo Vuai akaja na vijana wake, wamebeba tanga begani. La pekee alilonalo. Akalitua uani, akasema, "Fundi ndiye aliyelishona. Kata."

Wanaume walishaanza kukuosha nyuma ya pazia. Nikashika kisu, nikakirudisha. Nilisikia sauti yako, wallahi: tanga halikatwi, hufumuliwa. Ukilikata linaanza kuchanika, na upepo wa kwanza unalimaliza lote. Ukitaka kitambaa, fumua pande zima kwa mshono wake, lililobaki libaki zima. Nikakaa chini nikafumua.

Na huo mshono wako, baba! Umeshona kama uliyekuwa ukifunga mashetani. Kila tundu umepitisha mara mbili, uzi umeupaka nta, umeuvuta mpaka umezama kitambaani. Sindano ilinikatikia. Kucha zilitoka damu. Jua linapanda, maji ya kukuoshea yamekwisha, wanangoja, na shehe anakohoa kohoa. Nikaanza kukugombeza kwa sauti: ulikuwa unamshonea nani hivi? Ungelilegeza kidogo ungelikufa? Nilikuwa navuta uzi wako kidogo kidogo, na nliona kama nakufumua wewe. Sitaki kukumbuka zaidi hapo.

Ukaenda kaburini ndani ya mapande ya tanga, moja lina kiraka. Ulinuka karafuu na mafuta ya papa ya chombo.

Nlidhani taabu imekwisha pale. Haikwisha. Nililiunga lililobaki, lakini tanga fupi ni tanga fupi. Safari ya kwenda na kurudi asubuhi moja ikawa kutwa na kucha. Kaskazi ilipovuma kwa nguvu Vuai akakwama Mkokotoni na mapipa yake yamejaa, hawezi kuukabili upepo, na sisi huku tukanywa kisima. Tuliharisha sote, wakubwa kwa wadogo. Asha, mjukuu wa Bi Tatu, yule aliyekuwa akikuokotea sindano zikidondoka, hakuamka. Bi Tatu akamvisha kanga ile ile. Sikuweza kuyatazama yale maandishi.

Baada ya hitima nlikwenda kumpa mkono tena. Hakunifukuza. Alinitazama, akasema taratibu, "Baba yako kavaa maji yetu, Mize." Nikarudi nyumbani nikafunga mlango. Kwa muda mrefu nlikuwa nikipita nyuma ya nyumba yake ili tusionane.

Kisha Vuai akasema wazi: tanga lisipopona kabla ya kusi, anatuhamisha sote Unguja. Maana yake ninyi mbaki peke yenu hapa, wewe na Asha na yule Msuri wako, na popo.

Nikamwambia anipeleke mjini. Pale mtaa wa Malindi wakanielekeza duka linalogawa nguo, na foleni yake imezunguka nyumba. Marekani hutolewa kwa maziko tu. Zamu yangu ikafika, mwenye duka akauliza, "Ya nini?" Nikasema, "Ya sanda." "Marehemu nani?" "Baba yangu." Akanipa pole, akanipimia. Sikusema uongo, baba. Nlichelewa tu.

Njiani Vuai aliniona nimeikumbatia. Akanambia, "Mwanamke, hiyo weka kashani mwako. Umeona mwenyewe mambo yalivyo." Na kweli nliiweka. Nliitia karafuu zako, nikafunga kasha, nikalala juu yake kama mchawi. Naogopa, baba, sikufichi. Sina mume, sina mtoto, nani atanitafutia mimi nguo? Asubuhi nikasikia Bi Tatu anateka kisimani, ndoo inagonga mawe. Yale maji yale yale.

Nikafungua kasha.

Leo nimemaliza pande la mwisho. Bi Tatu alikuja mchana, akakaa akanishikia kitambaa kisinywee, mpaka alasiri. Alipoondoka akasema, "Mshono wa baba yako huo." Kesho Vuai anapandisha tanga zima.

Lala, baba. Sitokuacha na popo, nakuahidi. Na usinihurumie kwa lile kasha tupu: siku yangu ikifika, sanda yangu iko juu ya mlingoti, watu wanaijua. Wataishusha, watafumua. Lakini nimeishona kwa mshono wako, kila tundu mara mbili, na nta juu yake. Atakayenifumulia mimi atanigombeza mpaka akome.

Mwanao,
Mize