Kompyuta ya Nyayo

4 Januari

Mwanangu Mhandisi,

Habari za huko, na kifua chako? Umemaliza dawa, au umeona nafuu siku mbili ukaitupa chupa kabatini kama kawaida yako? Sisi huku wazima, isipokuwa macho yangu yanayowashwa na gundi ya viatu.

Ninaandika kwa sababu simu naisikia nusu nusu, na jambo hili sitaki kulisikia nusu. Kompyuta inaumwa. Asubuhi unachemsha chai, unakunywa, ndiyo kwanza inawaka. Jana ilizimika yenyewe mteja akiwa juu ya bamba. Fundi kompyuta wa mtaani ameifungua, akapuliza vumbi, akaniambia vipuri vyake havitengenezwi tena, na siku itakayokufa itakufa na vyote vilivyomo.

Unajua kilichomo. Uliniona nikiianza ukiwa bado unavaa kaptura. Watu mia mbili na kumi na wawili ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Kila mmoja alipanda juu ya lile bamba la kioo, mashine ikapiga picha nyayo zake mbili, nami chini ya picha ya mguu mfupi nikaandika soli iongezwe kiasi gani. Kwa miaka kumi na saba haijanidanganya hata siku moja. Sasa kila ikikwama moyo unanipasuka. Niibadilishe, au niiache mpaka ikate roho yenyewe? Nikikosea hapa, kuna watu hawatatembea vizuri.

Niambie, lakini usinifokee.

Shangazi yako

10 Januari

Shikamoo Shangazi,

Kifua kimepona na dawa nimemaliza, kwa hiyo unaweza kuacha kunipekua kabatini ukiwa mbali. Pole na macho. Fungua dirisha ukipaka gundi, nimeshakwambia.

Badilisha. Ningekuwa huko ningeitoa leo hii. Mashine ya umri ule ikiishi mpaka Pasaka ni bahati tu, na wewe unategemea bahati huku miguu ya watu iko mikononi mwako. Mfanyakazi mwenzangu anakuja likizo huko, nimempa kompyuta mpya akuletee. Nimeandika programu ndogo itakayohamisha nyayo zote kutoka ya zamani, na itaandika wazi mguu upi ni upi, usiwe unakisia. Fuata karatasi niliyoweka ndani ya boksi, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Sijafoka.

Mwanao

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mzigo umefika salama na mwenzako amekula vizuri, ingawa ni mwembamba mno, mwambie. Nyayo zimehama zote, nimezihesabu mara mbili. Mashine yenyewe iko kimya kiasi kwamba naigusa kujua kama ni hai.

Lakini nina wasiwasi, na unanijua, si mtu wa kubabaika. Unamkumbuka Kasuku, binti wa mwashi, yule aliyekuwa anaongea hata ukimpa pipi? Ana miaka kumi na minne sasa, yuko shule ya bweni, viatu vimembana. Amechora nyayo zake kwenye karatasi ya daftari, baba yake akaniletea. Saizi nimeipata hapo, ila soli ya kuongeza natoa kwenye kompyuta. Mpya imeandika: KULIA, milimita kumi. Mkono wangu unasema kushoto.

Nikamuuliza baba yake. Mwashi huyu atakuonyesha ukuta ulioinama kwa unene wa unywele, lakini mguu mfupi wa mwanawe hajui ni upi. Viatu huwa anavibeba vimefungwa. Basi nikaiwasha ile ya zamani. Ile haijawahi kuandika kushoto wala kulia, ni picha tu, na picha yenye namba iko upande wa kulia wa kioo, palepale.

Asubuhi nzima nimekaa na kalibu, ile miguu ya mbao tunayoshonea. Macho yananipeleka kulia, mkono unakwenda kushoto. Bibi yako alianza kusahau akiwa na umri wangu huu huu, mwanangu. Naogopa.

Fundi kompyuta anaiomba ya zamani atoe vipuri. Nimpe?

Shangazi yako

9 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nina haraka, kuna kikao. Mashine mbili zinasema kulia, Shangazi, na wewe ni mmoja. Kusahau kidogo ni umri, si aibu, na ndiyo sababu tumekuwekea mashine nzuri. Mpe fundi ile ya zamani. Ukikaa na mbili utazidi kuchanganyikiwa. Shona kama ilivyoandikwa, umpelekee Kasuku viatu vyake.

Mwanao

6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hujambo? Ni karibu mwezi sasa sijasikia neno. Nimepiga simu mara sita, inaita mpaka inakata. Jirani yako muuza maua amenijibu kwamba upo, duka liko wazi, na kwamba hutaki kuongea. Kuna nini? Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Mwanao

13 Machi

Shangazi,

Salamu baadaye, naomba usome hili kwanza. Usikate soli ya mtu yeyote. Uliyoikata usiitoe dukani.

Tangu uliponyamaza nimekuwa nikiisoma upya barua yako ile ya macho kulia na mkono kushoto. Leo nimemwomba mwenzangu apande juu ya meza ya kioo pale mapokezi, mimi nikalala chini nikamtazama. Mlinzi alidhani tumerukwa na akili. Shangazi, ukitazama nyayo kutoka chini, mguu wa kushoto unakaa upande wa kulia. Bamba lako linapiga picha kutoka chini. Na wewe unashona kalibu ikiwa imepinduliwa, soli juu, kwa hiyo miaka yote hii mkono wako umekuwa ukigeuza bila kukuuliza. Programu yangu iliona picha iko kulia, ikaandika KULIA. Imewageuza hivyo wote mia mbili na kumi na wawili.

Hukusahau kitu. Ni mimi. Nijibu, nakuomba, uniambie Kasuku hajavaa vile viatu.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba zote ulizonidai. Mimi mzima wa mwili.

Kasuku alivaa. Barua yako ilinikuta nimeshajua. Alivaa siku tisa, bwenini, darasani na kwenye ngazi, mpaka mlezi wa bweni akampigia baba yake simu. Nilimwona Kasuku akivuka barabara kuja dukani, na kabla hajafika mlangoni nilijua. Nyonga ilikuwa imevimba. Daktari amesema mfupa ni mzima, apumzike, itashuka. Imeshuka, mshukuru Mungu.

Nilimuuliza kwa nini hakuvivua siku ya kwanza. Akasema, "Nilijua Shangazi hawezi kukosea. Nikadhani mguu wangu ndio umebadilika, nikawa naufundisha." Nililia mbele ya baba yake, mimi ambaye sijawahi kulia mbele ya mteja. Jozi nyingine mbili nilizokuwa nimeshona nilizifuata mwenyewe nyumbani kwa wenyewe, zilikuwa hazijavaliwa.

Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na si hasira ya programu. Programu nimeielewa, umeieleza vizuri, hata nimecheka hapo kwa mlinzi. Mimi nilikuandikia kwamba mkono wangu unasema kushoto na kwamba naogopa, ukaniambia ni umri, ukaenda kwenye kikao. Nikakuamini. Mwezi mzima nilijiona mgonjwa. Nilianza kuandika majina ya majirani kwenye karatasi nisije nikayapoteza. Usinifanyie hivyo tena. Ukiwa na haraka, nyamaza mpaka haraka iishe.

Ya zamani sikumpa fundi. Ipo, na nitaitumia mpaka ife. Mpya irekebishe, nayo nitaitumia. Ila wateja wote nawaita mmoja mmoja wapande bambani upya, na mguu upi ni upi nitaandika mwenyewe kwa kalamu, mteja akiwa mbele yangu. Itachukua mwaka. Nimeanza na wazee.

Jumamosi Kasuku alifuata viatu vipya. Alikaa kwenye benchi akakishika kimoja bila kukivaa, akakigeuza soli juu. Kisha akaniuliza, "Hivi imesema kompyuta au umesema wewe?"

Nikamwambia nimesema mimi. Akavaa.

Shangazi yako