Njia Zote Nilizirudisha Kisimani

Kamina, tarehe 4 Mei 1989

Mpendwa mama mushauri,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, weye pamoja na bote wa nyumba yako na bale wanaokusaidia kazi ya gazeti. Afya iko namna gani? Ule muguu uliotuambia mwezi wa Pasaka kwamba unakuuma, umepona? Huku Kamina tuko wazima, mvua imekwisha, baridi ya asubuhi imeanza kuingia kwa dirisha. Naomba musaada wako, na kama barua iko murefu unisamehe, juu sina muntu mwingine wa kumwambia, na hiyo yenyewe njo sehemu ya shida yangu.

Minyi ni mujane wa miaka arobaini na nane. Bwana yangu, mwalimu Abner, alikufa, sasa ni mwaka wa sita. Bana wangu wanne, wawili wako Lubumbashi, mumoja Kabongo kwa bwana yake, mumoja Luena kwa kazi ya reli, wanasema wataandika wakipata nafasi, na nafasi hawaipati. Ninapiga taipu ku biro ya kanisa letu la Kimetodisti. Saa tisa nafunga biro, nafika nyumbani, nafungua redio, na yule musemaji akisema "Wananchi, habari ya jioni," minyi namujibu kwa Kiluba, "Eyo vidye, muzuri." Ndiyo mama, namujibu. Kisha nakula bukari yangu ya unga wa mahindi, naosha sahani moja.

Halafu Albertine akanipata. Yeye ni muke wa adjudant Likoke, bantu wa Équateur, wanakaa kambini ku base ya jeshi la anga. Alikuja biro kupigisha barua ya bwana yake, akasimama anaangalia mikono yangu, akaniita Ya, ndiyo dada mukubwa kwa luga yao, akasema, "Ya Salomé, vidole vyako vinakimbia kama mvua juu ya mabati. Kuya kwetu, niko na kazi yao."

Kazi ilikuwa hii. Bwana yake alipata kwa fundi mumoja wa kigeni aliyerudi kwao, ordinatere ndogo, mashini ya kuandika na kuhesabu, ile ya kuunganisha na televisheni, inaweka kazi yake ndani ya kaseti kama za muziki, na chini ya karto yake, ule sanduku wa karatasi, kulikuwa kitabu kimoja cha Kifaransa. Kitabu hicho hakisomwi kama vingine. Kila kipande iko na namba, na weye musomaji njo mujumbe unayepeleka taa ku ngome ya mufalme, na mwisho wa kipande kinakuuliza, ukitaka kupita daraja nenda namba 62, ukitaka kuogelea nenda namba 109, na ukichagua mubaya unakufa, unaanza tena. Albertine alikipenda mupaka akaamua kukiingiza chote ndani ya mashini, ili bana na bamama wa kambi wasiojua Kifaransa wacheze kwa Kiswahili. Hakuna aliyemutuma. Alijifundisha amri za mashini peke yake kwa kile kitabu cha maelezo. Minyi nageuza Kifaransa ndani ya kaye, daftari yangu, namusomea, yeye anaandika, mwenye kucheza akibonyeza moja umupeleke huku, akibonyeza mbili umupeleke kule. Namba zote 180. Na mashini iko na tumbo ndogo, basi tulikata maneno, tukagawanya hadisi kwa kaseti nne.

Mwaka muzima na miezi miwili, mama. Kila Jumamosi lori ya jeshi inayoleta bamama sokoni ilinichukua wakati wa kurudi. Tulicheka. Siku moja tulibishana juu ya ule munyama anayetema moto, minyi nikasema tumuite nyoka mukubwa.

"Nyoka hana mabawa, Ya Salomé."

"Basi nyoka wa jeshi la anga."

Alicheka mupaka akafuta mistari kumi bila kutaka, tukaandika upya, na hakuna aliyekasirika. Juma yangu yote ilikuwa inashikwa na siku ile moja.

Mwezi wa pili wa mwaka huu wakamuletea habari kwamba mama yake amekufa Mbandaka. Akafunga mizigo saa ileile analia, ndege ya jeshi ilikuwa inangoja. Kazi ilibakiza namba kumi na tisa tu. Akasema, "Ya Salomé, umalizie, nikirudi tuwaonyeshe bantu." Na kwa sababu haifai mujane kuingia nyumba ya bwana wa mwenzake, Likoke mwenyewe alileta mashini, televisheni na kaseti ku biro ya kanisa, umeme uko pale mupaka saa kumi.

Yenga iliyofuata, siku ya ibada, pasta Banza alihubiri juu ya ufumu wa waganga na kamari. Akasema dadu njo kazi ya askari waliogawana nguo za Bwana chini ya musalaba. Nilikaa benchi ya mbele, jasho inanitoka. Kwa sababu ndani ya kitabu chetu mujumbe anapata ufunguo wa ngome kwa mufumu, akikubali kunywa dawa yake, na akipigana, mashini inatupa dadu yenyewe, bila mukono wa muntu. Na neno mufumu minyi njo nililiandika, kwa vidole hivi.

Jumatatu nilifuta. Namba ishirini na tatu, zote za mufumu na za dadu, Albertine alikuwa amenifundisha kufuta mustari na kuweka mwingine. Nilijua mashini ikikosa namba itasimama, basi kila njia iliyokuwa inaenda kule niliirudisha namba 40, pale mujumbe anakaa kisimani, anakunywa maji, anapumzika. Niliona ni pahali pa amani. Ufunguo sikuufikiri kabisa. Nikarekodi juu ya kaseti zilezile, zingine hazikuwa. Na kwa sababu Mungu anaona, nikuambie yote, zile namba kumi na tisa sikuzigusa, nilikuwa naziangalia tu ndani ya kaye na kujiuliza, kazi ikiisha, lori itanichukua tena juu ya nini.

Albertine alirudi na kichwa kimenyolewa, amekonda. Hakutaka hata kuangalia kazi kwanza, alisema, "Kazi ya Ya Salomé ni kazi," namba zilizobaki tutazikamilisha baadaye, akarudisha mashini nyumbani kwake, akaita bamama wa mutaa wao kambini siku ya Jumamosi mchana, viti nje, televisheni mulangoni. Mutoto wa mama Mputu akacheza. Akapita daraja, muzuri. Akakutana na mwizi, badala ya kupigana akajikuta kisimani. Akaanza njia nyingine, kisimani. Njia ya musitu, kisimani.

"Mama Albertine," mama Mputu akapiga kelele, "mujumbe wako anapenda maji! Mara ya tano hii!"

"Labda iko na ugonjwa wa sukari," mwingine akasema, na bote wakaanguka kicheko.

Likoke alikuwa amesimama nyuma. Akasema mbele ya bote, "Nilisema minyi, mashini si sufuria." Albertine akazima televisheni, akaingiza viti kimoja kimoja.

Jumamosi iliyofuata nilimukuta na karatasi juu ya meza, anatafuta kosa. Akaniuliza, "Ya Salomé, weye uligusa namba za zamani?"

Mama, nilisema, "Minyi? Minyi niliandika yangu tu."

Akakunja karatasi. Halafu akasema, "Basi ni minyi. Siku ile ya kilio cha mama, nilirekodi kaseti ya zamani juu ya mupya, nalia. Hata kulia sijui kulia bila kuharibu." Na minyi nilikuwa nakunywa chai yake.

Tangu siku ile mashini ameifunga ndani ya kitenge. Sasa bwana yake amepata karatasi ya kuhamishwa Kitona, wanapanda treni ya Ilebo tarehe 27 mwezi huu. Na kule Kitona shule ya kambi inatafuta mwanamuke anayejua ordinatere afundishe mabinti, rafiki ya Likoke alimutaja yeye, wanangoja jibu. Amesema hapana. Aliniambia, "Nitawadanganya bana ya bantu? Kichwa changu hakifai." Juzi alinishika mukono sokoni, akaniahidi ataniandikia kila mwezi. Tangu nizaliwe hakuna muntu aliyeniandikia kila mwezi.

Nikisema, nampoteza, hata barua sitazipata. Nikinyamaza, anaenda na uzito ambao si wake. Nimefunga siku tatu, nimeomba, na kila nikiomba naona ule mukono wake unaingiza viti. Nifanye nini? Nakuomba unijibu haraka, mbele ya tarehe 27.

Minyi katika Kristo,
Mama Salomé


Jibu

Mama Salomé,

Muguu umepona, asante. Jibu hili nalituma kwa mwalimu anayepanda treni ya kesho, ili likufikie kabla ya gazeti; tukilichapa, majina tutayabadilisha. Sasa ukae, nikugombeze.

Kwanza, usinisimamishie pasta mbele. Yeye alihubiri; hakukuambia uingie ndani ya kazi ya mwenzako wakati anamuzika mama yake. Mitume wenyewe walipiga kura walipomutafuta wa kumi na mbili, na hakuna aliyewaita wacheza kamari. Kama roho yako ilikataa dadu, ungemungoja Albertine umwambie, "Mudogo wangu, hapa siwezi." Lakini sababu ya kweli umeiandika mwenyewe, umeificha katikati ya barua kama nyama chini ya mboga ya sombe. Zilibaki namba kumi na tisa. Uliogopa kazi iishe, ukatengeneza kazi isiyoweza kuisha.

Sikucheki. Mwanamuke anayemujibu musemaji wa redio namujua vizuri, naosha naye sahani moja kila jioni. Upweke si zambi. Lakini wako umeutua kutoka kichwani mwako, ukaubebesha mufiwa, halafu ukanywa chai yake. Hiyo ni zambi, na unaijua, ndiyo maana kufunga siku tatu hakukusaidia. Hapa Mungu hangoji maombi yako, anangoja miguu yako.

Basi, usingoje Jumamosi. Lori ya kwanza inayorudi kambini, panda, na kaye zako zote mukononi. Usianze na salamu ndefu. Usianze na maombi, maana utalia, yeye atakufariji, na neno litabaki tumboni. Mulangoni palepale useme, "Albertine, ni minyi niliyefuta namba, na nilikudanganya. Siku uliyoondoka unalia, kaseti zako zilikuwa nzima." Hilo neno la mwisho usiliache. Yeye halali kwa sababu ya hilo.

Halafu utalisema tena, Likoke akiwa anasikia, na mama Mputu pia. Ndiyo, mama, mbele yao. Aibu aliyoipata mulangoni, watu wakiwa kwenye viti, huwezi kuiondoa jikoni kwa sauti ndogo. Watakucheka. Wacha wacheke, walimucheka yeye bila kosa.

Akikubali, muketi mutengeneze. Namba ulizofuta unazo ndani ya kaye, na zile kumi na tisa pia. Wanawake wawili mulioandika mia moja na sitini hamushindwi na arobaini na mbili kabla ya treni. Kama bado hutaki mujumbe anywe dawa ya mufumu, umuombe Albertine aongeze njia ya pili, anayekataa dawa amulimie mufumu shamba siku tatu apate ufunguo kwa jasho lake. Umuombe. Akisema hapana, ni hapana, mashini ni yake. Na kaseti zikipatikana, murekodi mara mbili, hata mukiwa munalia.

Unaniuliza juu ya zile barua za kila mwezi. Sitakudanganya: anaweza kukufungia mulango, na itakuwa haki yake, na utarudi mujini na lori ileile bila muntu wa kuongea naye. Lakini fikiri kidogo. Ukinyamaza, barua zitakuja, na kila mara utafungua bahasha ukijua anamwandikia mwanamuke mwingine, yule ambaye hakufuta kitu. Hata moja haitakuwa yako. Ukisema, na siku moja akaandika mistari miwili tu, itakuwa imeandikwa kwako.

Na kama hataandika kabisa, uniandikie mimi. Nitajibu, kazi yangu ni hiyo, na mimi pia jioni zangu ni ndefu.

Lakini kwanza Kitona. Kule shule bado inangoja, na jibu walilopewa ni la mwanamuke anayeamini kwamba machozi ya mama yake yaliharibu kichwa chake. Albertine awajibu tena akijua kwamba kichwa hakina neno. Siku zilizobaki ni chache, na muntu wa kumwambia ni weye peke yako. Funga biro mapema leo, umwambie pasta una safari.