Sindano ya Pili ya Mama

Dada Wanjiru,

Huku Nyeri ni baridi na mvua. Mama aliwekewa goti jipya hospitalini jana. Alidungwa sindano ya ganzi kwenye kinena. Mbele ya goti kumetulia, lakini nyuma kunamuuma hadi anang'ata shuka. Mwenzake wa kitanda cha pili, wa Kerugoya, aliyepasuliwa goti pia, aliongezewa sindano ya pili matakoni, akalala bila maumivu. Asubuhi alisahau mguu umekufa ganzi, akashuka kitandani, akaanguka, kidonda kikafunguka.

Daktari akamuuliza Mama, "Nikuongezee ya pili?"

Mama akamtazama yule mwenzake akilia. "Hapana, daktari. Wacha goti liume, bora niusikie mguu wangu."

Tangu hapo hajaachilia mkono wangu wa kulia. Naandika na wa kushoto. Mwombeeni.

Akupendaye,
Nyambura