Taa Nyekundu Katika Chumba cha Mama

...kwa hiyo hapana, kile kipimo hakikuwa kibovu. Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba kimeliwa na chumvi ya bahari, kama kila kitu cha betri kinavyoliwa katika nyumba hii. Nilikuwa nikijidanganya. Leo ni Jumamosi, joto linanata mwilini, mawingu yamejaa tangu alfajiri na mvua haitaki kushuka. Nimekaa juu ya kitanda changu cha bibi harusi, naogopa hewa.

Hewa!

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nimeolewa miezi minne na nusu sasa. Mume wangu anaitwa Athumani, ni fundi wa makontena ya baridi bandarini. Akicheka huinamisha kichwa begani kama mtoto aliyefichua siri, na mpaka leo akirudi jioni moyo wangu hufika mlangoni kabla ya miguu yangu. Mimi nimekulia Tudor, ghorofa ya tatu. Sasa naishi Mji wa Kale katika nyumba ya mawe ya kwao, sisi wawili juu, mama yake chini. Chumba chetu kina madirisha mawili yanayotazamana. Upepo huingia kwa hili ukatokea kwa lile, na pazia hupepea juu yetu tukijilaza mchana wa Jumapili. Nimeandika sana kuhusu pazia hilo, najua, mmenicheka vya kutosha.

Kipimo nacho kilikuwa zawadi ya harusi. Nyumba ya jirani alipanga dada mmoja mwanafunzi, akichunguza hewa na unyevu wa nyumba za zamani. Watu walituletea vikombe, mashuka na kanga za Biashara Street doti kwa doti. Yeye alituletea kidude cheupe cha ukubwa wa kiganja. Mawifi zangu walikipitisha mkono kwa mkono wakicheka. "Saa gani hii isiyosema saa?" Akaeleza kwa subira kwamba kinapima radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutoka ardhini na kwenye mawe, hupanda kupitia nyufa na mashimo, na hujikusanya katika vyumba vya chini visivyopitisha hewa. Mtu akiivuta miaka mingi, inaweza kumletea saratani ya mapafu. Taa ikiwa ya kijani, salama. Ya manjano, uangalie. Nyekundu, ufanye kitu.

Zawadi ya bibi harusi hukaa chumbani kwa bibi harusi. Hakuna aliyewaza vingine, hata mimi. Nikakiweka kwenye rafu kando ya dirisha, kati ya chupa ya marashi na picha yetu. Kijani. Kila siku kijani. Athumani alikuwa akikipungia mkono asubuhi akienda kazini. Tukakubaliana kwamba hakuna haja ya kurekebisha chochote katika nyumba hii. Tutaendelea kupima tu, betri mpya mara moja moja, yaishe.

Tulikuwa tukipima upepo wa baharini.

Siku kumi na mbili zilizopita niliipaka rafu rangi mpya, nikateremsha vitu vyake chumbani kwa mama ili visichafuke. Marashi yakarudi juu, picha ikarudi. Kipimo nikakisahau juu ya kabati lake. Siku ya nne taa ikawa manjano. Siku ya saba ikawa nyekundu, na haijabadilika tangu hapo.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo. Hakina dirisha la nje, kina kidirisha kimoja tu kinachotazama ukumbini. Pembeni, chini ya mkeka, kuna kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao. Miaka yote ya ndoa yake mama alilala juu, katika chumba hiki chenye madirisha mawili. Wiki ya harusi yetu akatuachia, akasema magoti yake hayawezi ngazi tena. Nami nikambusu mkono, nikamwona ana bahati, yuko karibu na jiko.

Magoti hayo hayo hupanda mpaka darini kila asubuhi kuanika nguo. Miezi minne na nusu nimemwona akipanda, na sikuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo siku zote nilizokuwa nikiwaandikia hapa kwamba nimefika peponi, mtu alikuwa chini yangu akizilipia.

Na lililo baya zaidi bado sijaliandika. Mama alinifundisha kufukiza, na mimi nikataka kuwa mkaza mwana ambaye watu watamtaja kwa wema. Kila baada ya magharibi nilimshushia chetezo. Nikitia udi, nafunga kidirisha, navuta mlango mpaka ushike, kisha naziba uwazi wa chini kwa kanga iliyokunjwa, harufu isitoke, ikolee kwenye mito na nguo zake. Alikuwa akilala humo humo, mlango umefungwa mpaka alfajiri, akisema hajawahi kutunzwa hivi. Nilijivuna! Nilimpigia hata mama yangu simu kumwambia.

Nilikuwa nikimfungia ndani na kile kisima, tena kwa mapenzi.

Alhamisi nilimwambia Athumani kila kitu. Kwanza alinitania, "Mke wangu, umekuwa mkaguzi wa bandari sasa?" Kisha akaisoma ile karatasi iliyokuja na kipimo, mara mbili, na akasema jambo ambalo ni kweli: wiki moja haitoshi kuamua, gesi hii hupanda na kushuka, kipimo cha kuaminika ni cha miezi mingi. Akaanza kupiga hesabu ya kurekebisha. Kisima kizibwe kwa mfuniko usiopitisha hewa. Bomba litoke chini yake lipande mpaka juu ya paa. Feni ivute usiku na mchana, na feni yenyewe haizimwi, kwa hiyo tokeni za umeme ni za maisha. Chumvi nayo itaila, kila baada ya miaka tununue nyingine. Tena ukuta wa nyumba ya zamani hauguswi bila kibali. Kupima, alisema, ni betri tu. "Tupime mwaka mmoja, habibi. Kisha tuone."

Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kemia haikuwa rafiki yangu. Lakini nililala na maneno hayo yakakataa kukaa sawa. Mwaka ukiisha tutakuwa na nini? Tutakuwa na daftari la namba zilizopangwa vizuri, na mama atakuwa amelala humo mwaka mwingine. Kupima ni rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya bei analipa aliye chini. Na hata kupima hakuna mwisho, kidude chenyewe huzeeka kikabadilishwa. Tena tukiweka feni bado itabidi tupime, maana ikifa kimya kimya nani atajua? Kwa hiyo kipimo tutakilipia kwa vyovyote. Kinachobaki kuamuliwa ni kama tutapima huku tumeziba, au tutapima huku tukimtazama mama akilala humo.

Nilimuuliza jambo moja tu. "Ingewaka nyekundu huku juu kwetu, ungesubiri mwaka?"

 Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta chini amepiga magoti, mkeka umekunjwa, anapima mdomo wa kisima kwa futi ya fundi, na nywele zake zimejaa vumbi la chokaa. Nikampenda mpaka nikaogopa upya. Kumbe mtu ukipewa vingi ndivyo vya kupoteza vinavyoongezeka.

Baada ya chakula cha mchana tukamwambia mama. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Wallahi nyinyi! Kisima hiki kimewanywesha babu zako, Athumani, leo chataka kuniua mie?"

Nikamsihi apande juu alale chumbani kwetu, sisi tutatandika ukumbini. Hapo kicheko kikakatika.

"Bibi harusi hateremshwi kabla ya mwaka. Wataka mtaa mzima useme nimekutimua?"

"Mama, afya yako..."

"Hebu ngoja. Wewe ungelala humu, na hicho chekundu chenu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Nikasema hapana.

"Basi na mie silali." Akaanza kukunja nguo zake palepale. Atakaa Likoni kwa dada yake mpaka bomba limalizwe. Athumani akamchokoza, "Na hayo magoti, mama, utashuka nayo vipi kwenye feri?"

"Magoti yangu yajua pa kupanda na pa kukataa," akasema, wala hakututazama.

Usiku alilala ukumbini, na leo asubuhi ameondoka na mkoba mmoja na mto wake. Tangu hapo sijatulia. Mlango wa chumba chake nimeuegemezea tofali usijifunge, kidirisha kiko wazi, na kila nusu saa nashuka kutazama taa. Bado nyekundu. Karatasi inasema madhara yake ni ya miaka, si ya miezi. Nimeisoma mpaka inachanika kwenye mkunjo. Lakini jana alikohoa mara mbili mezani nikasukuma sahani yangu kando. Ilikuwa pilipili ya viazi karai. Najua ilikuwa pilipili.

Kesho kutwa Athumani anafuatilia kibali, na fundi wa chokaa amekubali kuja kuangalia. Je, tukiziba na taa isibadilike? Je, kama gesi haitoki kisimani tu, inapenya hata sakafuni? Sijui. Nimemwambia Athumani nitauza bangili mbili za harusi kwa ajili ya feni, akakasirika, kisha akanishika mkono akaushikilia muda mrefu.

Mlangoni, mama alinishika kidevu kama anavyowashika wajukuu. "Usinisahau na udi wangu, mwanangu."

Sikusahau, mama. Ingawa huusomi ukurasa huu, nauandika ili watu wanishuhudie. Kabla mwezi huu haujaisha nitavuka Likoni, chetezo mkono huu, kipimo mkono huu. Nitakufukizia chumba chako cha huko na madirisha yote nitayaacha wazi, harufu iende itakako. Kisha nitakaa nawe mpaka tuione taa pamoja.