Mchumba Wangu Hanilipui

Shangazi Namuria, kuna kikohozi kimoja kidogo ambacho hakijanitoka masikioni tangu nikiwa kidato cha pili: ni cha kuku wa kwenye gemu, anayesafisha koo kama padri anayetaka kuanza mahubiri, kisha analipuka, manyoya yanajaa skrini nzima. Nisaidie, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho.

Mimi ni mwalimu hapa Kakuma. Likizo hii rafiki yangu Nyibol alitoa mashine ya zamani ya gemu iliyokuwa chini ya kitanda kwao kwenye kambi ya wakimbizi, tukaiunganisha na televisheni, na mimi niliyedhani nimekua nikakuta lile gemu ni zuri kuliko nilivyolikumbuka, kwa sababu halina haraka, kila mtu ana kikosi chake cha kuku na kila mtu hungoja zamu, padi ya kuchezea ni moja tu na inazunguka mikononi mwa wanne, unapima upepo, unarusha kombora, wenzako wanakutazama ukiwaza na wanakudhihaki, na hata ukilipuliwa unacheka kwa vile kuku wako anakufa kwa heshima zote. Sijaona mchezo mwingine unaomfundisha mtu kungojea pigo lake huku akinywa chai.

Tatizo ni mchumba wangu, Ebenyo. Lueth, kaka yake Nyibol, hunilipua bila huruma, na siku moja alimaliza kikosi changu chote, sikusema neno mpaka jioni. Ebenyo hanigusi. Kuku wangu anasimama mbele ya pua yake, upepo umetulia, naye anarusha kombora majini. Nyibol akamwambia, "Wewe Ebenyo, piga bibi yako bana! Ama unaogopa mahari itapanda?" Wakacheka, yeye akatabasamu tu. Najiuliza, mtu anayenihurumia hata kwenye mchezo ataniambia ukweli lini? Wazee wake wanataka kuja kwetu Nawoitorong, Lodwar, kuanza mazungumzo ya mahari, mama anangoja neno langu, na neno halitoki.

Rispa, Kakuma

JIBU

Ejok, Rispa, hujambo. Nimecheka, nisamehe. Sasa nikukemee.

Umesoma sana, lakini barua yako mwenyewe hukuisoma. Lueth alikulipua ukanyamaza mpaka jioni. Ni nani aliyekaa karibu nawe siku hiyo akiumeza ukimya wako? Unamlaumu mwanamume kwa kukwepa shimo ulilolichimba wewe.

Hata hivyo hofu yako si ya kijinga. Umewaona wazee wetu kwenye mahari: wanagombania ngamia, wanasimama kana kwamba wanaondoka, wanarushiana maneno, halafu wanakula nyama pamoja. Anayekubali kila kitu upesi ndiye anayetiliwa shaka. Ndoa nayo inataka watu wanaoweza kugombana hivyo.

Basi acha kumpima kimyakimya. Muulize kwa nini hakulengi. Akijibu, usinune. Na usiwafungie wazee wa watu mlango kabla hujamsikia mwenyewe.

Shangazi Namuria

UJUMBE WA RISPA, WIKI ILIYOFUATA

Shangazi, nilimuuliza tukitoka kwa kina Nyibol. Akasema, "Ukishindwa unanuna, Rispa. Mimi nakuogopa." Hajawahi kuniambia neno gumu kama hilo. Nilitaka kunyamaza. Nikamwambia linauma. Akasema anajua, na hakulirudisha. Asubuhi nilimpigia mama simu: wazee waje.