Kola Yako Sishoni Mpaka Upimwe

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
14 Septemba

Mpendwa Dada Twiga,

Hujambo, dada yangu? Shemeji hajambo, mgongo umeacha kumsumbua? Na wanangu je, yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Sisi huku tunapumua. Bonge ameota meno mawili na anayajaribia kwangu, wewe unajua wapi. Sasa hivi amelala, nami naandika harakaharaka maana usingizi wake hauaminiki.

Picha yako na vipimo vya gauni vimenifika. Nitavirudia. Kwanza nikupe habari zangu, kwa sababu mambo haya mawili yameshikana.

Tangu nijifungue, mwili haukuwa wangu. Wenzangu wanajipepea, mimi natetemeka kwa baridi. Nywele zinabaki kwenye kitana, uso umevimba, choo kigumu, sauti nzito mpaka Bonge ananishangaa nikimwimbia. Nakaa kwenye cherehani, nasahau ninachoshona. Mama akasema, "Uzazi huo, mwanangu, utapita." Shemeji yako naye nilimshonea shati. Akalivaa, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyefungwa kamba: "Mke wangu, mikono yote miwili ni ya kushoto. Nimekukosea nini?" Tulicheka, kisha nikalia, na sikujua nalia nini.

Nilipompeleka Bonge kupimwa uzito, nesi akawa ananitazama mimi.

"Mama, hebu meza mate."

"Nimeze mate mimi? Aliyekuja kupimwa si huyu?"

"Huyo ananenepa vizuri. Meza."

Akanipapasa shingo, akanituma nikatoe damu. Kumbe ni tezi iliyo hapa mbele ya shingo. Daktari alinieleza taratibu: tezi hiyo inatengeneza homoni, homoni zinasafiri na damu, na ndizo zinazoupangia mwili mzima mwendo wake. Nikaelewa kwa akili ya fundi: ni pedeli. Ikilegea, sindano inajikokota, hata uzi uwe mzuri vipi. Yangu ndiyo imelegea. Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla sijatia kitu tumboni, na kunyonyesha naendelea. Naanza kurudi, dada. Juzi nimeshona blauzi ya mteja, mkono wa kulia ukakaa kulia.

Lakini nikamuuliza daktari, na pedeli ikienda mbio kupita kiasi? Akasema moyo unadunda hata mtu amekaa, jasho linamtoka, usingizi unamkataa, mikono inatetemeka, anakula lakini anakonda, na shingo inaweza kujaa. Hapohapo nikakuona wewe.

Kila nguo niliyokushonea karibuni umeijibu kwa maneno yaleyale: kola inabana, kiuno kinapwaya. Nami, fundi hodari, nikaachia kola, nikabana kiuno, nikaona kazi imekwisha. Vipimo hivi vipya vinasema vilevile. Nguo haikuwa na kosa, dada. Kwenye picha nimeitafuta ile shingo ndefu tuliyokuitia Twiga tangu utotoni, sijaiona. Halafu unaniandikia kwamba kikombe kinakutetemekea mkononi, eti uchovu wa dukani!

Sikutishi. Mimi si daktari, na huenda ni kitu kingine kabisa. Damu itasema. Najua utaniambia huna nafasi, watoto, duka, mgongo wa shemeji. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa kazini, na hukuwahi kuniuliza kama nina nafasi ya kubebwa. Sasa na mimi sikuulizi.

Kitambaa chako nimeshakikata. Mikono tayari, kiuno tayari. Shingo sijaigusa, na sitaigusa mpaka uniletee majibu. Ukitaka kununa, nuna, ila nunia kwenye foleni ya hospitali. Ukionekana mzima, nitakushonea kola ya kufungwa mpaka juu, unicheke vizuri. Wakikuta kitu, utatibiwa, na gauni nitaliacha wazi shingoni, likingoja pamoja nami.

Mama anakusalimu sana. Shemeji yako pia, akiwa ndani ya shati lake la mikono ya kushoto, amekataa nilifumue. Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mungu akushike mkono mpaka utulie.

Bonge huyo, ameamka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye, futi ya kupimia ikiwa shingoni.