Njia ya Ng'ombe wa Soipan

Kitengela,
Jumapili jioni.

Kaka yangu mpendwa Wathome,

Pokea salamu zangu na za Nzisa, ambaye ameketi hapa mezani na kazi yake ya shule na ameniambia nisithubutu kumsahau. Goti lako linaendeleaje? Wifi Kalekye aliniambia kwamba siku hizi unapanda hadi kwenye shamba la ndengu bila fimbo, lakini wifi unamjua, hapendi kunipa habari mbaya. Wewe mwenyewe niambie ukweli. Sisi huku hatujambo. Nzisa alikuwa na homa ikapita, na mimi niko sawa isipokuwa macho, maana siku hizi wateja dukani wakinipa orodha ya vifaa ninaishika mbali kama mtu anayeogopa kuumwa.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu iko. Kaka, kuna mambo nikianza kukuambia kwa simu utanikatiza, nami nitanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote ukipandisha sauti. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na kanisa. Ulipokuja mara ya mwisho usharika wetu ulikuwa bado unaabudu kwenye ukumbi wa kukodi. Tangu hapo tumenunua ploti nje ya mji, ukiacha lami ya kwenda Kajiado. Kanisa lenyewe bado ni mabati, lakini ua tulijenga kwanza. Tulizungushia seng'enge nyaya sita, nguzo za saruji, na siku ya kuifungua tulipiga picha mbele ya geti kama watu waliopata mtoto. Seng'enge hiyo ilitoka dukani kwangu. Nilijivunia sana.

Mwaka huu mvua imekosa huku, kama ulivyosikia. Ilipofika sikukuu ya mavuno, Mchungaji Kinyanjui alisema sadaka ya mavuno haitapigwa mnada baada ya ibada kama kawaida, bali itapelekwa kwa jamaa zetu Wamaasai walio ng'ambo ile ya uwanda, ambao wanyama wao wanakufa. Watu walicheka kidogo, kwa sababu Kitengela nani anavuna? Sisi shamba letu ni supamaketi. Lakini Jumapili hiyo madhabahu haikuonekana kwa unga, maharagwe, sukari na mafuta ya kupikia. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kuhudumia wahitaji, kwa hivyo mpango wa lori ulikuwa juu yangu. Tulienda tukiimba.

Boma tulilopokelewa ni la mama mmoja anayeitwa Soipan, mjane, mtu wa makamo, mrefu, ambaye wanawake wa kule wakitaka kusema jambo wanamtanguliza yeye. Nilimsalimia "takwenya" na yeye akajibu "iko" akinishika mkono kwa muda mrefu. Walitushukuru, wakatuombea, wakatupa strungi. Soipan aliomba radhi kwa ile chai. Alisema katika maisha yake hajawahi kumpa mgeni chai bila maziwa, na alipolisema hilo aliangalia chini.

Tulipokuwa tunashusha magunia aliniuliza tumetoka wapi. Nikamwonyesha, maana ukisimama bomani kwake bati la kanisa letu unaliona likimetameta. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kumbe nyinyi ndio watu wa seng'enge?"

Nikamwambia ndiyo, ua ni wetu. Nilidhani anausifu.

Akanishika bega akanigeuza. Nyuma ya kanisa, huko mbele zaidi, kuna lile bwawa, silanga kama tunavyosema kwetu, ambalo serikali ilichimba zamani na halijakauka hata mwaka huu. "Maji iko," akasema. "Unaona pale? Njia ndiyo hakuna." Akanieleza kwamba zamani ng'ombe walitoka bomani wakaenda moja kwa moja wakanywa, wakarudi kabla jua halijawa kali. Ploti zikauzwa, kila mtu akafunga yake, na mwaka ule tulipofunga yetu pengo la mwisho likazibika. Sasa wanazunguka hadi kwenye lami, wanafuata barabara kuu kati ya malori yanayokwenda Namanga, ndipo wafike majini. Ng'ombe mwenye nguvu anafika. Aliyekonda analala njiani. Trela liligonga wawili wake, na shemeji yake aliyekuwa akiwaswaga alivunjika mguu.

"Chakula tutakula, Mungu awabariki," akasema. "Lakini ng'ombe wakiisha mtatuletea unga mpaka lini?"

Kaka, hakusema kwa hasira. Safari ya kurudi hakuna aliyeimba.

Niliyapeleka maneno yake kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na hapo moto ukawaka. Aliyepinga zaidi ni Mzee Njogu, mwenyekiti wa ujenzi. Sitaki umfikirie vibaya. Nguzo zile za saruji nusu alizitoa yeye, na hakuna mgonjwa wa usharika huu ambaye hajapandishwa ndani ya gari lake kupelekwa hospitali. Alisema ameona watu wangapi Kitengela hii wamepoteza ploti walizolipia kwa jasho. Ukimruhusu mtu kupita leo, kesho anasema hapa ni pake. Akauliza, wale waliouza ardhi si ni jamaa zao wenyewe? Kisha akasema kanisa limesaidia, limepeleka lori zima, na msaada pia uwe na mpaka. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilisema kidogo tu, na sababu utaiona.

Mchungaji Kinyanjui hakubishana naye. Alimwomba jambo moja, kwamba kabla ya kura twende siku moja asubuhi tukaone ng'ombe wakipelekwa maji. Njogu akakubali, nafikiri ili tu atuthibitishie kwamba yule mama ametia chumvi.

Tulienda na gari lake. Tuliwakuta barabarani, ng'ombe mbavu nje, wakitembea kwenye ukingo wa lami, na malori yanapita karibu mpaka upepo wake unawayumbisha. Soipan alikuwa nyuma na wanawake wengine wawili. Mbele yetu mmoja, ng'ombe mwekundu, akapiga magoti akalala, nusu mwili kwenye lami, nusu kwenye changarawe. Soipan akamkimbilia na kumvuta pembe. Wakati huo huo tukaona lori linakuja likishuka.

Sijui Mzee Njogu alitoka garini saa ngapi. Nilichoona ni yeye katikati ya barabara, amevua koti lake la suti, analipungia lori kwa mikono miwili na kupiga kelele kwa Kikuyu. Lori lilisimama karibu naye hivi kwamba angeweza kuligusa. Dereva akamtukana. Yeye hakumsikia hata. Alirudi pale kwa yule ng'ombe, akaweka bega lake chini ya nyonga, akamwambia Mchungaji ashike mkia na mimi nisukume ubavu, na akamwambia Soipan, "Mama, wewe ongea naye, anakujua sauti." Tukainua, akaanguka. Tukainua tena. Mara ya pili akasimama, miguu inatetemeka, na Njogu akabaki amemkumbatia shingo kwa muda, shati jeupe limejaa mavi, anamsemesha kama mtoto.

 Garini, tulipokaribia mji, akasema akiangalia barabara tu, kwamba yeye alilelewa na maziwa ya ng'ombe mmoja wa mama yake huko Nyandarua, na kwao ng'ombe hakufanyiwa hivyo hata na mwizi.

Kikao kilichofuata yeye ndiye aliyesimama kwanza. Akasema kanisa likate ua upande wa chini, liache ushoroba wa kutosha ng'ombe kupita, chifu na wazee wa pande zote mbili washuhudie kwamba ardhi ni ya mwenye hati na njia ni ya wanyama. Kisha akashangaza watu. Ploti inayofuata kanisa ni yake, ya urithi wa wanawe, na ndiyo maana alikuwa mkali vile. Akasema na yeye anafungua. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akauliza sasa imebaki nini kati ya hapo na bwawa. Njogu akajibu imebaki ploti moja tu, ina ua lakini haijajengwa, mwenyewe hamjui.

Labda umeshaanza kushuku, Kaka, tangu nilipotaja bwawa. Ploti hiyo ni yetu. Ni ile tuliyonunua pamoja baada ya kugawana shamba la Baba, wewe na mimi, majina mawili kwenye hati moja.

Nilikaa pale na wanawake wananipiga mabega kunipongeza kwa kazi nzuri, nami sikuwaambia ploti ni ya nani. Wiki hiyo nilikupigia simu, unakumbuka? Nilikuwa nimeshajipanga. Lakini wewe ulianza kunieleza ramani ya nyumba, baraza itaangalia machweo, wewe upande wa juu na mimi upande wa chini, geti moja, watoto wa Baba ndani ya boma moja tena. Ulikuwa na furaha ambayo sijaisikia kwako tangu ulipostaafu. Nikakuuliza habari za ndengu, nikakata simu.

Kaka, seng'enge yetu nimeikata. Hakuna aliyenituma. Jumamosi ile ya kufungua njia nilichukua koleo dukani, nikaenda peke yangu alfajiri kabla ya wengine, nikakata waya mmoja mmoja, upande wa kwa Njogu na upande wa bwawa. Wenzangu walipofika nikawaambia ploti ni yangu, bila kukutaja. Sikukuomba ruhusa kwa sababu jibu nililijua, na nilijua nikishalisikia kutoka kinywani mwako nitalitii. Hilo ndilo kosa langu na silipambi. Njia imepita upande wangu wa chini, lakini ili inyooke imemega pembe ya upande wako, pale ulipopanda michungwa miwili. Mmoja umeliwa. Huo mwingine nimeuzungushia miiba.

Sasa nikuambie niliyoyaona siku hiyo, kwa sababu ndiyo yanayonipa nguvu ya kukuandikia. Ng'ombe waliletwa, sisi wa usharika tumesimama pembeni na Mchungaji ameshaomba. Walipofika palipokuwa na ua, wakasimama. Waya haukuwepo, nguzo tumeng'oa, lakini hawakupita. Wamezoea kuchomwa hapo. Watu wakawaswaga, wakapiga miluzi, wao wanarudi nyuma na kusongamana. Mzee Njogu akataka kuwavuta. Soipan akainua mkono akasema tungoje. Akaenda katikati ya kundi akamtafuta ng'ombe mmoja mzee kabisa, pembe moja imevunjika, akampigapiga mgongoni akamwacha. Yule mzee akasogea taratibu, akanusa ardhi, akainua kichwa kuelekea bwawa. Akapita. Hakukimbia wala hakugeuka, alipita tu kama anayekwenda kwake. Ndipo wote wakamwagika nyuma yake, vumbi mpaka angani, na wanawake wa Kimaasai wakaanza kuimba, nasi hatuyajui maneno lakini tukaitikia. Nililia, Kaka. Njogu naye alijifanya vumbi limemwingia machoni.

Nilimwita Soipan kando nikamwambia ukweli, kwamba ploti hii ni ya wawili na kaka yangu hajui. Hakuniambia nimefanya vizuri. Aliuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu mkali ambaye alinilipia karo badala ya kuoa mapema, na kwamba nitakuandikia barua. Akasema, "Basi aje aone. Mtu wa hivyo usimwogope kwa barua."

Nimeshafikiria haya. Kile kipande cha upande wako kilichomegwa, nitakufidia kutoka upande wangu, pale unapopakana na wako, na ukitaka zaidi chukua zaidi. Baraza yako bado itaona machweo, ila jioni kutakuwa na vumbi na kengele za ng'ombe. Na ukikataa kabisa, Kaka, sitakupinga wala sitampeleka Mchungaji kukusihi. Nitarudisha waya kwa mikono yangu, na nitakwenda bomani kwa Soipan mwenyewe kumwambia. Ninachoomba ni kwamba usikatae ukiwa huko Makueni. Katalia hapa, umesimama pale asubuhi, wanyama wakipita.

Msalimie wifi Kalekye, mwambie zile mbegu za mchicha zimeota. Wasalimie majirani wote wanaoniuliza, na usiache kupaka goti ile dawa. Nzisa atakupa chumba chake, tayari ametoa vitabu vyake. Njoo hata kama ni kuja kunigombeza. Maji ya kuoga nitakuwekea moto, na kugomba tutagomba tukiwa tumekula.

Mdogo wako akupendaye,
Nthambi.